Juu ya Maji ya Ihefu

Mtu wa Rujewa akitajiwa matembezi ya mashua, mawazo yake hukimbilia Zanzibar au Mafia, au huwakumbuka watalii wapandao mashua katika mto Rufiji kutazama mamba na viboko. Nalo ndilo la ajabu, kwani sehemu ya maji yale ya Rufiji hutoka kwetu. Mto Mbarali, unyweshao mashamba yetu, huingia katika Ruaha Mkuu. Ruaha nao hupita Mtera na Kidatu, ukaungana na Rufiji penye bwawa la Julius Nyerere, hata maji yakatokea baharini mkabala wa Mafia. Sisi tukaao huku juu twayajua maji hayo kwa mfereji, kwa ndoo, na kwa sahani ya wali. Kuyatazama kwa furaha tumewaachia wageni.

Usangu ni uwanda mpana, na kusini yake imesimama milima ya Uporoto na Kipengere. Humo hushuka Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine, na Ndembera huja kwa upande wa Iringa. Mito hiyo huja mbio kutoka milimani, walakini ifikapo uwandani hukuta nchi tambarare mno, ikapoteza haraka yake, ikatandaa katika majani. Ndicho kinamasi tukiitacho Ihefu. Masika hupanuka, na kiangazi hujikunja.

Tangu mwaka 2008 nchi hiyo iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Zamani wavuvi waliishi humo na mitumbwi yao, na wafugaji walichunga kandokando. Wafugaji na mifugo yao waliondolewa mwaka 2006 na 2007, na habari hiyo ingali na uchungu katika nyumba nyingi za Mbarali. Si neno la kurukwa kama mtu arukavyo kijito. Mipaka ya hifadhi ilirekebishwa mwaka 2023 kwa ajili ya migogoro hiyo. Mwenye kutaka kwenda leo hana budi kupata ruhusa ya hifadhi na kulipa kiingilio, ambacho kwa raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Sisi tulikuwa wanne, pamoja na askari wa hifadhi na mshika upondo, nao ulikuwa mwezi wa Mei. Mashua yenyewe ilikuwa bapa chini, haina injini, na kwa hakika hiyo ndiyo mashua ya kuombwa. Penye injini ndege huruka kabla hujawaona. Penye upondo hukutazama tu, kama watu wa barazani wamtazamavyo mpita njia. Tulipita katika vichochoro vya matete marefu kuliko mtu aliyesimama, mara njia ikafumbuka, tukawa katika uwazi uliojaa yungiyungi. Vindege vyenye vidole virefu vilitembea juu ya majani yake bila ya kuzama. Mwari walielea kwa kundi. Korongo taji walisimama ukingoni wawili wawili, na tai mla samaki alilia juu ya mti mkavu hata mtoto wetu akaziba masikio. Wataalamu wamehesabu Usangu aina za ndege zaidi ya 400. Sisi tulizijua kwa majina labda ishirini, nazo nyingi alitutajia mshika upondo kwa Kisangu. Mahali pamoja alisimamisha mashua, akanyosha kidole kimya. Tuliona masikio tu na mapuvu. Tukarudi nyuma polepole, wala hakuna aliyeuliza sababu.

Tulikuwa na mzee mmoja wa Kibulushi, wa jamaa zile zilizoanza kulima mpunga wa mifereji Usangu zama za Waingereza. Ilipoingia adhuhuri tulifunga mashua penye kisiki cha nchi kavu. Mzee akachota kikombe kimoja cha bati, akatawadha kwacho, na matone ya mwisho akayamiminia kiganjani. Kijana wetu akacheka: "Babu, maji yote haya nawe wayapima kwa kikombe?"

"Nimeuona mto huu umesimama, mwanangu," akajibu, akaenda zake kutandika msala.

Maneno hayo yataka kuelezwa. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama, na penye mlango huo kuna mwamba kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha huenda. Yakishuka chini yake hata kidogo, mto hukatika, ijapokuwa nyuma ya mwamba kinamasi kingali na maji. Mwaka 1993 mto ulikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika mara kwa mara. Viboko wakasongamana katika vidimbwi vya matope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulikuja ukapita, mto ukaendelea kukauka.

Wengine walimtupia lawama mfugaji, wengine mkulima. Umeme ulipopungua katika miaka ya 1990, Usangu ilitajwa kuwa ndiyo sababu. Wako wataalamu waliochunguza wakaona kwamba namna maji yalivyofunguliwa pale Mtera nayo ilikuwa na sehemu yake kubwa. Mimi naona mkulima wa mpunga hastahili kushitakiwa peke yake. Lakini mfereji uliochepushwa mtoni ukaachwa wazi mwezi wa Septemba, shambani hamna mche hata mmoja, huo sote twaujua ulipo, wala haukuchimbwa na mgeni. Nao hupunguza kimo kile kile kinachopimana na kizingiti cha Ng'iriama.

Anayetaka kwenda na jamaa zake aende Mei au Juni, barabara zikiisha kukauka na maji yangali mapana. Aondoke Rujewa alfajiri baada ya sala, achukue kofia, maji ya kunywa na chakula, na mtoto asiyesikia neno amwache nyumbani kwa ajili ya viboko. Akichelewa hata Oktoba, upondo utagonga tope.