Mmisionari na Daftari Langu

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza riwaya yangu kwa Kiingereza. Si kwamba nilikijua sana. Ni aibu tu. Kijiweni jamaa mmoja aliniuliza, "Riwaya ya Kiswahili? Atasoma nani, we bwana?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku ule nikachukua daftari jipya na kamusi.

Ukurasa wa 40 nikakwama. Makonda wangu wa Manzese walikuwa wanaongea kama wasoma habari wa BBC.

Ndipo nilipomsoma Homer Hulbert. Huyu alikuwa Mmarekani, kijana wa miaka 23 tu alipofika Korea mwaka 1886 kufundisha katika shule ya mfalme. Mwaka 1893 alirudi huko akiwa mmisionari wa Kimethodisti, akasimamia mtambo wa uchapaji wa misheni. Kumbe Wakorea walikuwa na maandishi yao, Hangul, yaliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, tena mepesi kujifunza. Lakini wasomi waliyadharau. Kwao msomi aliandika kwa herufi za Kichina, basi. Hulbert alishangaa. Akaandika kitabu cha jiografia ya dunia kwa Hangul tupu, na katika dibaji akasikitika kwamba wenye mali wanaidharau mali yao.

Hapo nikafunga kitabu. Nilihisi kama nimesemwa mimi.

Nikamsimulia kaka. Akaguna. "Yaani wewe mpaka Mzungu akwambie lugha yako nzuri?"

Nikakosa jibu, maana alisema kweli. Tena hata Korea kwenyewe, kabla Hulbert hajazaliwa, wanawake walikuwa wanasoma hadithi kwa maandishi hayohayo yaliyodharauliwa. Hawakungoja ruhusa ya msomi wala ya mmisionari.

Hata hivyo simbezi Hulbert. Alikuja kufundisha, naye akafundishika. Mapenzi yake kwa nchi ile hayakuwa ya maneno matupu. Mwaka 1907 alikwenda Hague kuwasaidia wajumbe wa mtawala Gojong, waliokwenda kulilia uhuru wa nchi yao dhidi ya Japani. Wakafungiwa mlango. Miaka mingi ikapita, Korea ikiwa chini ya Japani. Aliporudi mwaka 1949 alikuwa mzee wa miaka 86, na wiki moja tu baadaye akafariki. Amezikwa Seoul. Alikuwa amekwisha kusema kwamba ni heri azikwe Korea kuliko Westminster Abbey.

Mimi sijaenda kokote. Nimerudi tu kwenye daftari. Juzi nilianza upya sura ya kwanza, kwa Kiswahili, nikamsomea mama huku anachambua mchele. Ukurasa wa pili haujaisha, akanikatiza.

"Hapo umekosea, mwanangu. Konda hasemi hivyo."

"Anasemaje, mama?"

Akanitajia. Nikafuta langu, nikaandika lake.