Mtunza Picha wa Makole

Longitudo ya nyuzi 36 Mashariki inapita kilomita zisizofika 30 kutoka Makole jijini Dodoma, upande wa Chamwino. Haina uzio wala bango, na mkulima wa uwele anaivuka na jembe lake begani bila kujua. Kwa mtu anayepanga picha za setilaiti, hata hivyo, mkoa wa Dodoma umepasuliwa hapo. Jiji, Bahi na Kondoa mjini viko katika kanda ya 36 Kusini ya ramani za UTM. Kongwa na Mpwapwa viko katika kanda ya 37. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiziunganisha pande hizo mbili ndani ya kompyuta, ili anayeuliza habari za mkoa mzima apate jibu moja.

Alikulia Makole katika miaka ambayo watu wazima wa mtaa walizungumzia viwanja na bikoni kuliko walivyozungumzia mvua. TANU ilikuwa imeamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo jina lake halikukauka midomoni hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa. Mpango wa kwanza wa mji, wa mwaka 1976, ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mtoto aliyewaona wapimaji wakipita na vyombo vyao vya miguu mitatu alitaka kujua wanachokitazama. Akaenda Dar es Salaam kusomea upimaji.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya karatasi: picha za anga zilizopigwa kutoka kwenye ndege, mbilimbili chini ya stereoskopu, hadi vilima vinyanyuke mezani. Picha za setilaiti wakati huo zilikuwa anasa. Hadi mwaka 2008, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600 za Marekani, na ofisi iliyoinunua iliifungia kabatini kama hati ya nyumba. Mpangilio haukuwa tatizo. Nani atapoteza faili ikiwa faili zenyewe ni nne?

Mwaka 2008 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilifungua hazina yote ya Landsat bila malipo. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972. Landsat 5, iliyorushwa 1984, ilifanya kazi hadi 2013. Ghafla kijana wa Makole mwenye intaneti ya kusuasua aliweza kupata Dodoma ya miongo mitatu. Kila picha inafunika eneo la kilomita 185 kwa 180, yaani pikseli zipatazo milioni 37 kwa kila bendi, na Landsat 8 ya mwaka 2013 ilikuja na bendi 11. Baadaye Ulaya ikarusha Sentinel-2A mwaka 2015 na mwenzake 2B mwaka 2017, zenye pikseli za mita 10 na kurudi mahali palepale kila baada ya siku tano. Diski zikaanza kujaa. Katika ofisi nyingi alizopita alikuta folda zilizoitwa "Dodoma mpya", "Dodoma mpya kabisa" na "picha nzuri", na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya mwezi gani.

Hapo ndipo alipoona kazi yake ilipo. Wengi walipenda kuchambua picha, kupaka rangi misitu na mashamba, kutoa ramani ya kutundika ukutani. Wachache walikubali kukaa na orodha. Yeye alishikilia, na bado anashikilia, kwamba picha isiyo na tarehe, kanda na jina la setilaiti iliyoipiga haina thamani ya ushahidi hata iwe angavu kiasi gani.

Majina yenyewe yalihitaji kusomwa kwa makini. Faili za zamani za Landsat zilibeba namba ya siku katika mwaka badala ya mwezi na tarehe: siku ya 244 ni tarehe 1 Septemba, na katika mwaka mrefu ni tarehe 31 Agosti. Faili za mtindo mpya zinaandika mwaka, mwezi na siku kwa kufuatana, pamoja na njia na safu ya picha. Eneo la Dodoma liko njia ya 168, safu ya 64. Setilaiti tatu za mwanzo, Landsat 1 hadi 3, zilikuwa na mfumo mwingine kabisa wa namba za njia, hivyo anayetafuta "168" peke yake anaikosa Dodoma yote ya miaka ya 1970. Mwandishi huyu aliandika jedwali la kutafsiri namba hizo na kulibandika ukutani, jirani na kalenda.

Kisha programu zenyewe zikabadilika. Zamani kuunganisha picha kumi kulimaanisha kuzishona ziwe faili moja kubwa: kompyuta inaunguruma usiku kucha, na asubuhi una nakala ya pili ya kila kitu pamoja na mishono isiyofumuka. ArcGIS 10, iliyotoka mwaka 2010, ilileta namna nyingine ya kutengeneza mozaiki. Programu haigusi picha za asili. Inatengeneza orodha, na kwa kila picha inaandika ilipo kwenye diski, tarehe yake, kiasi cha mawingu, ukubwa wa pikseli na kanda yake, kisha inachora mpaka wa eneo inalolifunika. Unapofungua ramani, inakwenda kuchukua vipande vinavyohitajika tu na kuviweka katika mfumo mmoja wa koodineti papo hapo. Kanda ya 36 na ya 37 zikakaa meza moja.

Kwa ofisi zisizo na fedha za leseni aliwafundisha watu QGIS, programu huria aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002, inayotumia maktaba ya GDAL iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998. Humo picha mamia huunganishwa kwa kifaili kidogo cha maandishi kinachotaja tu kila picha iko wapi. Aliwaonya kuhusu mambo mawili ambayo wageni huyaruka. La kwanza ni piramidi: nakala zilizopunguzwa nusu kwa nusu ili ramani ya mkoa mzima ifunguke haraka. Zote kwa pamoja huongeza takriban theluthi moja tu ya ukubwa wa picha, nazo huokoa saa nyingi za kusubiri. La pili ni pembe nyeusi. Picha ya Landsat imelala mshazari ndani ya fremu yake, na usipoiambia programu kwamba weusi ule si ardhi, pembe ya picha moja itaifunika Kongwa yote iliyo katika picha ya jirani.

Koodineti zilimpa kazi nzito zaidi. Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960. Setilaiti zinatumia WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni karibu mita 300. Ukiichanganya, kiwanja cha mtu kinahamia mtaa wa pili huku namba zote zikionekana sahihi. Kwa hiyo katika orodha zake hakuna picha inayoingia kabla mfumo wake haujaandikwa na kujaribiwa juu ya alama inayojulikana, kama makutano ya reli na barabara.

Majira nayo yana sheria zake. Dodoma hupata mvua kati ya Desemba na Aprili. Picha ya Machi ni kijani. Ya Septemba ni kahawia tupu, isipokuwa mashamba ya mizabibu yanayomwagiliwa na bustani za kandokando ya mito ya mchanga. Ukiruhusu programu iweke juu picha mpya kuliko zote, mozaiki inakuwa na kiraka cha masika kando ya kiraka cha kiangazi, na asiyejua ataona ukataji wa miti mahali ambapo ni mwezi tu uliobadilika. Alipotayarisha picha za Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 kutoka eneo lililoliwa na makorongo, alichagua picha za mwezi mmoja kwa kila mwaka, hata pale nyingine zilipokuwa safi zaidi. Na kwa Landsat 7, ambayo kifaa chake cha kunyoosha mistari kiliharibika tarehe 31 Mei 2003 na kuacha asilimia 22 ya kila picha ikiwa mistari mitupu, alikataa katakata picha zilizojazwa zichukue nafasi ya zile za asili. Zote mbili zihifadhiwe, kila moja na jina lake.

Watu walianza kufika ofisini Makole kwa miguu. Siku moja alikuja mzee kutoka Nzuguni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unazo picha za juu za tangu zamani. Wanasema boma langu nimelijenga baada ya viwanja kupimwa."

"Mlijenga mwaka gani, baba?"

"Mwaka ule wa njaa, kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa."

Alimweleza kwanza kile kisichowezekana. Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900, kubwa kuliko viwanja vingi vya makazi. Itaonyesha pori lililofyekwa, haitaonyesha nyumba. Akabonyeza mahali pale kwenye ramani na kuichuja orodha kwa miaka. Ilikuwamo picha ya QuickBird, setilaiti ya mwaka 2001 yenye pikseli za sentimita 61. Paa la tembe ni udongo juu ya udongo, nalo halitofautiani na uwanja uliolizunguka. Mabati hung'aa, tembe hujificha. Lakini jua la asubuhi lilikuwa limetupa kivuli cha ukuta, mstari mwembamba ulionyooka, na kando yake duara la zizi. Mzee aliliona zizi kabla ya mtaalamu. Akachapishiwa karatasi yenye tarehe, saa na koodineti, akaenda nayo kwa wanaoamua.

Mahitaji ya aina hiyo yameongezeka kwa sababu mji umeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Dodoma Mjini watu 410,956. Ile ya Agosti 2022, iliyofanyika kwa vishikwambi, ilihesabu 765,179. Mji wa Serikali umesimama Mtumba, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imekata mashamba, na treni ya SGR ilianza kufika mwaka 2024. Zanzibar ilionyesha njia nyingine kuanzia 2016, ilipopiga picha visiwa vyake kwa droni, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, kwa mikono ya vijana wake wenyewe. Mwandishi huyu anaitazama kazi ile kwa heshima kubwa, na anatamani bara nalo lingefanya hivyo kwa miji yake.

Sasa amerudi kwenye picha za anga za karatasi alizoanza nazo. Anaziskani moja moja kabla unyevu na mchwa havijazifikia, na kuziingiza katika orodha ileile ya Landsat na Sentinel. Kila moja inahitaji alama zisizohama ili ikae mahali pake: reli ya kati, mwamba wa Mlimwa, ukuta wa bwawa la Hombolo. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo huanzia hapo. Kabla ya kufungua programu yoyote, anawapa picha, lenzi na penseli, na kuwataka watafute tarehe pembeni mwa fremu.