Kompyuta ya bei ndogo: tuulize kazi kabla ya bei



Wengi wetu tuna mtoto anayefungua radio iliyokufa ili aone ndani kuna nini. Kwangu ni binti wa miaka 15. Mwaka huu aliniomba kompyuta ya kibao kimoja, ile isiyo na sanduku, inayoenea kiganjani. Alitaka kutengeneza chombo cha kumwamsha vifaranga wetu wakisikia baridi usiku. Mkononi nilikuwa na dola 60 za mgao wa AVEC yetu, na 40 kati yake zilikuwa za shule. Ilinibidi nielewe kwanza ndipo nitoe pesa.

Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35. Ndogo yake, Zero, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 5. Ukisikia hivyo unafurahi, lakini hiyo ni bei ya kibao peke yake, tena ya huko kinakotoka. Ili ufanye nacho kazi utatafuta karti memori, chaja, kibodi, na skrini au televisheni. Ni kama kununua sufuria ukasahau makaa na unga.

Halafu kuna umeme. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilianza kazi mwaka 2015, na nyumba nyingi za upande wetu zikapata balbu. Lakini umeme ukikatika ghafla wakati Raspberry Pi inaandika kwenye karti yake, karti inaweza kuharibika, na kazi yote ya mtoto ikapotea.

Mwaka 2021 watengenezaji walewale walitoa Pico, kwa dola 4. Hii si kompyuta kamili, huwezi kuandikia barua wala kuangalia filamu. Inafanya kazi uliyoifundisha tu: kupima, kuwasha, kuzima. Programu inaandikwa kwenye kompyuta nyingine, na binti yangu anatumia ya shule. Ikishaingia inabaki ndani. Umeme ukikatika na kurudi, Pico inaanza tena yenyewe. Hata betri mbili au tatu ndogo za tochi zinaitosha.

Basi nilimuuliza binti: chombo chako kitafanya kazi gani? Alijibu: kipime joto, na likishuka chini ya digrii 32, kengele ilie. Vifaranga wa juma la kwanza wanahitaji digrii 32 hadi 35. Kwa kazi hiyo Pico inatosha. Pamoja na kipima joto, kengele, nyaya na usafiri wa kutoka Goma, hatukufika dola 20. Pesa ya shule haikuguswa.

Shemeji yangu alisema hayo ni mambo ya vijana wanaume. Nilimjibu kwamba vifaranga hawaulizi nani amechomeka nyaya. Kengele imekwisha kulia usiku mara mbili, na mara zote mbili binti aliamka akaongeza makaa.

Coltan ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayotumika katika vyombo vya elektroniki duniani kote. Kama jiwe linatoka kwetu, watoto wetu nao wajifunze kuvitengeneza vyombo hivyo.

Mama anayetaka kununua ashike haya:

- Mtoto aandike kwanza kazi ya chombo chake. Akitaka kujifunza kuandika programu bila kompyuta nyingine, hapo Raspberry Pi kamili ina maana.
- Hesabu kila kitu kinachoandamana na kibao, si kibao tu.
- Omba Pico yenye pini zilizokwisha kuchomelewa. Inaitwa Pico H.
- Pini zake za ishara zinavumilia volti 3.3 tu. Betri ya pikipiki, yenye volti 12, itaiunguza mara moja.
- Anza na kidogo. Mtoto akimaliza kazi ya kwanza, ndipo mzungumzie kikubwa.