Ukurasa wa Ngapi?

"Shangazi, nani kakichorachora kitabu chako?"

Mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameshika riwaya ya upelelezi iliyobanduka jalada. Kidole chake kilikuwa ukurasa wa 62, juu ya neno moja lililokatwa kwa wino wa buluu: "mlinzi". Juu yake pameandikwa "mpelelezi", na pembeni ipo saini. Nikamwambia aliyekata ni mwandishi mwenyewe. Hakuniamini. Binti huyu anakutajia dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi bila kupumua, lakini hajapata kufikiri kwamba mwandishi ni mtu unayeweza kumkaribisha akaketi.

Sisi tulimkaribisha. Ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye duka la mzee tuliyemwita Babu tu. Aliuza sukari, dengu, madaftari, mafuta ya taa na, kwenye rafu ya juu kabisa, vitabu vya hadithi. Duka lilinuka gundi na mafuta ya taa, na kitabu ulichonunua kwake kilinuka hivyohivyo hata baada ya mwezi nyumbani. Mpaka leo nikimwona mtu anajaza kibatari, namkumbuka yeye. Magazeti ya zamani aliyafungia sukari, lakini hakuchana ukurasa kabla ya kuusoma pande zote mbili. Akikuta mahojiano na mwandishi, aliyakata kwa wembe na kuyabandika kwenye kauntabuku.

Nyuma ya kauntabuku hiyo yaliandikwa maswali yetu. Sharti lilikuwa moja. Ukimwambia, "Babu, nina swali kwa mwandishi," aliinua miwani na kuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Asiye na ukurasa alirudi nyumbani kusoma. Mwenye nao aliandikiwa swali lake, na maswali yakitimia kumi Babu aliyanakili kwenye barua na kuipeleka posta, kwa S.L.P. ya mchapishaji iliyochapwa mwanzoni mwa kitabu. Majibu yalichukua miezi. Mengine hayakuja kabisa. Yaliyokuja tulisomewa barazani jioni, watu wazima kwenye benchi, sisi watoto chini kwenye simenti.

Riwaya ya Rosa Mistika ndiyo iliyojaza kurasa nyingi za kauntabuku. Nimeangalia nakala yangu: ilitoka 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa hajafika miaka 30. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo walimu walikuja kukiulizia dukani wenyewe, giza likishaingia. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyesomewa kitabu chote na binti yake, aliandikisha swali kuhusu Zakaria, baba yake Rosa: mlevi asiyejitawala mwenyewe anapataje mkono wa kumpiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana? Kama ilikuwa 1978 au 1979 sibishani na mtu. Nakumbuka benchi zima lilinyamaza, na wanaume wawili wakaaga mapema.

Siku ya riwaya ile ya upelelezi, mwandishi hakutuma barua, alikuja mwenyewe: alishuka basi la Dar na mkoba mmoja. Babu alimpa kiti chake mwenyewe, akaagiza chai ya tangawizi na sambusa, akafungua kauntabuku. Swali langu lilikuwa la nne. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukurasa wa 41 mlinzi anamkabidhi mpelelezi ufunguo na kwenda zake. Ukurasa wa 62 mlango uleule unafunguliwa na mlinzi, kwa ufunguo uleule. Ulimrudiaje? Mwandishi aliomba kitabu. Akasoma 41, akaenda 62, akarudi tena 41. Kisha akaniomba kalamu. "Mwanangu, umenikamata," akasema, akakata, akaandika, akatia saini. Akatusimulia kwamba sura ile aliiandika usiku baada ya kazi, watoto wake wamelala chumba hichohicho, na taa ikamwishia mafuta kabla hajaisoma upya. Hapo ndipo nilipojua vitabu vinatengenezwa wapi.

Hao walikuwa waandishi wa riwaya. Washairi tuliwasikia redioni, kwenye kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania, na Babu alikifungulia sauti hadi ng'ambo ya barabara.

Miaka ya tisini rafu ya juu ilipangwa sabuni, baadaye vocha za simu. Babu akafariki. Duka likauzwa, na kauntabuku ikachanwa kufungia bidhaa pamoja na makaratasi mengine. Kezilahabi alikwenda kufundisha Botswana. Januari 2020 akafia Dar es Salaam, na siku hizo watu wengi waliandika kwamba wangependa kumuuliza jambo. Alikuwa nasi miaka 75.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli mwaka 2021, tulibishana wiki nzima kama ni Mtanzania au si Mtanzania. Siku ile hapakuwa na riwaya yake hata moja kwa Kiswahili. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka uliofuata. Ubishi ule ulinichoma. Tuliulizia pasipoti ya mtu ambaye hatukuwa tumefunua kurasa zake.

Majuzi nilikwenda kwenye mazungumzo ya mwandishi mmoja, Dar. Ukumbi mzuri, vipaza sauti, kamera tatu. Mwongozaji alimuuliza nini kilimsukuma kuandika, kisha ana ujumbe gani kwa vijana. Kitabu kilikuwa mezani mbele yake, bado kwenye nailoni. Mwandishi alijibu kwa adabu, kama anavyojibu kila mahali. Miaka minne ya kazi yake, na hakuna aliyemgusia hata mhusika mmoja. Watu wakapanga foleni ya kupiga picha. Nilitoka nimekasirika, na hasira hiyo bado haijaisha.

Riwaya yangu nimempa binti wa kaka yangu akaisome. Na wewe msomaji, huenda mtaani kwako anaishi mtu aliyeandika kitabu ambacho ulikisoma ukiwa shule. Kitafute, ukisome upya, ukunje ukurasa unaokusumbua, halafu uende ukabishe hodi angali hai.