Juu ya ukungu: kupanda Table Rock wakati wa baridi

Ndugu wasomaji wa Dzaleka, salamu nyingi kutoka Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Wengi mnatuuliza habari ya baridi ya huku. Baridi nyinyi pia mnaijua, ile ya mwezi wa sita na wa saba na manyunyu yake ya Chiperoni. Lakini hii ya Boise ina tabia nyingine, na mtu haielewi mpaka apande mlima.

Mji uko bondeni, kama mita 820 juu ya usawa wa bahari. Jina lake ni la Kifaransa, boisé, penye miti, kwa ajili ya miti ya kando ya mto. (Wetu waliosoma Kifaransa wanacheka wakisikia watu wa hapa wanavyolitamka.) Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inatelemka na kulala bondeni. Juu yake inakaa hewa yenye joto kidogo, inaifunika kama kifuniko cha sufuria. Basi ukungu na moshi vinabaki humo ndani siku tatu, pengine wiki nzima. Jua halionekani. Saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia. Watu wetu wengi wanafunga mlango, wanawasha televisheni, wanangoja mwezi wa tatu.

Mama mkubwa alikuwa anafanya hivyo. Mtoto wake na wajukuu wamebaki huko kwenu. Walikuwa wamekwisha kupewa tarehe ya ndege, halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari zikafutwa. Toka hapo mama alipunguza maneno. Msimu huu hata kanisani haendi, anasema miguu inauma. Daktari akamwambia atembee, apate jua. Jua lipi?

Jua liko juu. Table Rock ni mlima wenye kichwa bapa kama meza, mashariki ya mji, kimo chake kama mita 1,100. Njia inaanzia nyuma ya gereza la zamani. Ndiyo, gereza. Nyinyi mnaoishi mahali palipokuwa gereza la siasa kabla ya kambi kufunguliwa 1994 mnaelewa kwa nini nilisimama kidogo pale. Hili la Boise lilifunguliwa 1872, likafungwa 1973, leo ni makumbusho. Wafungwa walikata mawe huko mlimani wakajenga kuta za kuwafungia wao wenyewe. Hata ile nyumba ya serikali ya jimbo yenye kuba, iliyojengwa kati ya 1905 na 1920, ni ya mawe ya mlima uleule.

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 6. Tuliondoka saa mbili asubuhi, maana saa hizo udongo bado umeganda. Mchana unayeyuka, njia inakuwa matope, watu wanateleza na kuiharibu. Vaa nguo nyingi nyembamba, si koti moja nene, na ya kugusa mwili isiwe ya pamba, maana ikilowa jasho utatetemeka. Chini ya viatu tulifunga vyuma vyenye meno. Mama mkubwa alifunga na kitenge juu ya suruali, hakuna aliyembishia.

Nusu saa ya kwanza tulikuwa ndani ya ukungu, mbele hatuoni kitu. Nyasi zote zimevaa barafu. Vijana wanahema. Yeye, aliyezoea kubeba mihogo katika milima ya Uvira toka utoto, anapanda polepole, mikono nyuma, hasimami. Halafu hewa ikaanza kuwa na joto. Kwetu ukipanda mlima unaifuata baridi, hapa tulikuwa tunaiacha chini. Hatua chache tena, tukatokea juani.

Mji hakuna. Bonde zima ni ziwa jeupe la ukungu, na mbali kusini milima ya Owyhee imesimama na theluji yake kama ng'ambo.

"Tanganyika," mama akasema.

Kweli, ilikuwa kama kutazama upande wa Bujumbura asubuhi, ukiwa juu ya Uvira.

Kijana mmoja akatueleza kwamba bonde hilo lilikuwa la Washoshone, Wabannock na Wapaiute, na kwamba mwaka 1869 walitolewa kwa nguvu wakapelekwa Fort Hall, zaidi ya kilomita 300. Siku hizi wajukuu wao wanakuja Boise kila mwaka kukumbuka wazee wao. Mama aliuliza maswali mengi kuliko yote niliyomsikia akiuliza mwaka mzima: walibeba nini, watoto je, makaburi waliachia nani. Mengine kijana hakuyaweza.

Kisha akaomba simu. Kwetu saa nne asubuhi, kwenu saa moja ya jioni. Mtoto wake alikuwa gizani, anawasha tochi ili aonekane. Mama akazungusha simu polepole, amwonyeshe jua, ukungu, msalaba mkubwa uliopo kileleni tangu 1956, na sisi wote na pua zetu nyekundu. Wakaanza kuongea habari ya sombe, bei ya mafuta, mtoto wa nani ameoa.

Tukamkumbusha kwamba matope yanakuja, tushuke. Akasema tutangulie, yeye anamalizia.