Tulivyochagua Kompyuta ya Sebuleni

Akina mama wenzetu, huenda mtashangaa kuona mambo ya mafundi katika ukurasa wa familia. Lakini siku hizi kompyuta imeingia sebuleni, na anayeulizwa fedha ni mama na baba wa nyumba. Tumeona ni vyema tuwaeleze jinsi sisi wawili, wazazi wa nyumba moja hapa Michenga, karibu na Ifakara, tulivyofikia uamuzi wetu.

Sisi tulikua bila vitu hivi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994. Watoto wetu hawaujui wakati huo. Wanachokijua ni banda la video, ambako mtu hulipa fedha kidogo na kutazama chochote kinachoonyeshwa, hata saa nne za usiku. Vijana wetu wawili walikuwa wateja wa kila Jumamosi. Binti yetu wa miaka 13 alipoanza kuwafuata, tuliona kwamba kukemea peke yake hakutatosha. Ilibidi nyumbani kuwe na kitu cha kuwafanya wabaki.

Televisheni ya inchi 32 tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni kompyuta ndogo ya kuunganisha nayo, itakayohifadhi filamu tulizozichagua wenyewe, nyimbo za kwaya na masomo ya shule. Baada ya mavuno tukatenga fedha za magunia sita ya mpunga. Kijana wetu mkubwa, aliyekuwa amejifunza ufundi wa kompyuta mjini Morogoro, akaongeza fedha zake za kufyatua matofali. Kwa hiyo naye alikuwa na haki ya kusema.

Hapo maneno yakaanza. Yeye alitaka mazabodi ya kufanyia ovakloki. Mazabodi ni ule ubao mkuu ambao sehemu zote za kompyuta huchomekwa juu yake. Mafundi wengine huuita ubao mama. Ovakloki ni kuilazimisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iende mbio kuliko kiwango ilichopangiwa kiwandani. Fundi mmoja alikuwa na mbao mbili za aina ya mini-ITX, umbo lililoanzishwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Ubao huo ni mraba wa sentimita 17 kwa 17 tu, na kasha lake linakaa vizuri chini ya televisheni. Ubao mmoja ulikuwa wa daraja la A320, wa bei nafuu, usioruhusu kuongeza mwendo wa prosesa. Wa pili ulikuwa wa daraja la B450, lililotoka mwaka 2018, unaoruhusu, na bei yake ilikuwa juu zaidi.

Baba alisema tuchukue wa bei nafuu, yaishe. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Baba, mnaniuliza halafu hamnisikilizi." Neno hilo lilituuma. Tukakubaliana kwamba fedha hazitatoka mpaka atueleze yote, polepole, kwa lugha ya nyumbani. Tulikaa naye jioni tatu.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba filamu haihitaji mbio. Filamu hupitisha picha 24 au 25 kwa sekunde, na ndani ya prosesa nyingi za siku hizi kuna sehemu maalumu ya kuzifungua. Ukiisukuma prosesa, filamu haibadiliki. Anayenufaika ni mchezaji wa gemu, au mwenye kazi nzito za hesabu na picha.

Jambo la pili ni joto. Kijana alituandikia hesabu kwenye daftari: ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, na volti nazo kwa asilimia 10, umeme unaotumika huongezeka kwa karibu theluthi moja. Prosesa ya wati 65 inakuwa kama ya wati 86, na umeme huo wote unageuka joto. Sasa fikirini nyumba ya bati katika bonde la Kilombero mwezi Novemba, kabla mvua hazijakolea, na kasha dogo lisilo na nafasi ya hewa. Yeye mwenyewe alipomaliza hesabu hiyo alicheka, akasema, "Mama, hapa ningekuwa nakaanga mayai."

Lakini naye alikuwa na lake la kutufundisha. Pembeni mwa kiti cha prosesa kuna vijisehemu vinavyosimamia umeme unaoingia humo. Katika ubao ule wa bei nafuu vilikuwa vichache na vilikuwa wazi. Katika ule wa pili vilikuwa vingi zaidi, vimefunikwa na vipande vya chuma vya kupoza joto. Ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kusukumwa, ukitumiwa kwa mwendo wa kawaida, unafanya kazi bila kujitesa. Ni kama kuchukua sufuria nzito kwa wali wa kila siku: hulazimiki kuwasha moto mkali.

Basi tukachukua ubao wa kijana, na mwendo tuliouchagua wazazi. Prosesa tuliyonunua ni ya AMD yenye herufi G, maana katika aina zile herufi hiyo huonyesha kwamba uwezo wa kutoa picha umo ndani, wala hakuna haja ya kununua kadi nyingine. Tena kijana hakuipandisha. Aliishusha, kutoka wati 65 hadi karibu 45, na filamu zinakwenda vilevile.

Kwa mama anayepanga kununua, haya ndiyo tungemshauri aulize kabla ya kutoa fedha. Kwanza, je, kiti cha ubao kinalingana na prosesa? Usikubali kujibiwa "vinaingiliana" kwa kutazama tu. Kiti cha Intel kiitwacho LGA 1151 kilitoka mwaka 2015, kisha kikatoka kingine cha jina hilohilo mwaka 2017, na prosesa za kimoja hazikupangwa kufanya kazi kwenye kingine. Pili, je, prosesa inatoa picha yenyewe? Ile ya Intel yenye herufi F haitoi, na ubao mdogo kama huu una nafasi moja tu ya kadi. Tatu, kama unaambiwa ulipie uwezo wa ovakloki, ni nani nyumbani atakayeutumia? Kwa Intel, kwa kawaida uwezo huo unataka prosesa yenye herufi K na ubao wenye herufi Z, navyo huuzwa ghali.

Usisahau umeme wa LUKU. Kompyuta ya wati 40 ikiwaka saa 4 kila siku hutumia uniti 5 hivi kwa mwezi. Ya gemu inayokula wati 200 hutumia uniti 24. Umeme ukikatika, chomoeni waya ukutani, maana unaporudi huweza kuja kwa nguvu. Na kila mwezi mpulize vumbi. Mijusi na sisimizi nao hupenda kasha lenye joto.

Vijana wetu bado huenda bandani mara mojamoja, hasa kukiwa na mpira. Binti haendi tena. Jumamosi anakaa na kaka yake, akimwuliza kila kipande cha ubao kinafanya nini, naye anamjibu bila kuchoka. Kwetu sisi hilo limelipa magunia yale sita.