Kioo cha Kale Sebuleni: Siku Moja ya Kusaka Mji Mkongwe

Wapo wapenzi wanaokwenda Zanzibar, wakapiga picha Nungwi jua likizama, wakarudi na pakiti ya viungo na kanga mbili. Si vibaya hata kidogo. Lakini kama mmehamia nyumba mpya, ukuta wa sebule bado mtupu na kila jioni mnabishana mtundike nini, basi safari hii tengeni siku moja nzima kwa ajili ya vichochoro vya Mji Mkongwe, mkatafute kioo. Sizungumzii kile chenye fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Nazungumzia kioo cha kale, kilichokwisha kuona sura za watu wengi kabla ya zenu.

Kwa nini Zanzibar?

Jibu liko darini. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo kwa kawaida hazizidi kiasi cha mita tatu, hivyo fundi hakuwa na ujanja: chumba kilikuwa chembamba na kirefu. Ongeza kuta nene za kuzuia joto, unapata chumba chenye ubaridi mtamu lakini chenye giza. Kioo kikubwa kilileta nuru ndani na kukifanya chumba kionekane kipana.

Tena kilikuwa cha kujionyesha. Katika karne ya 19, pesa za karafuu na pembe, pamoja na biashara ya watumwa ambayo hatuwezi kuisahau, ziliifanya Zanzibar kuwa bandari ya matajiri. Meli za Ulaya, India na Marekani zilishusha saa za ukutani, vyombo vya kaure na vioo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekwenda kuishi Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika juu ya vyumba vya namna hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886: kuta zenye zidaka zilizojaa kaure na vigae vya thamani, na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya.

Sasa fikiria flati yako ya Sinza au South B. Sebule nyembamba, dirisha moja, balbu inawaka saa nane mchana. Tatizo ni lile lile la watu wa mawe, na dawa yake ni ile ile.

Tuingie mitaani

Anzieni Forodhani, mzunguke nyuma ya Ngome Kongwe mshike Mtaa wa Gizenga, kisha mwende taratibu hadi Hurumzi na Changa Bazaar. Vaeni viatu vya kutembelea na nguo za heshima, maana huu ni mji wa watu wanaoishi, si jumba la maonyesho. Mkiingia dukani, salamu kwanza. Kama mwenye duka ni mzee, "Shikamoo" haina mbadala. Anayeanza na "bei gani?" analipa zaidi, na anastahili.

Ndani mtakuta vurugu tamu: vitanda vya samadari, masanduku ya njumu, mabirika ya kahawa ya shaba, saa zilizosimama zamani. Vioo mara nyingi viko nyuma kabisa, vimeegemezwa ukutani na vumbi juu. Vingine vina fremu nzito za msaji zilizochongwa maua. Vingine vilitoka kwenye milango ya makabati au meza za kujipambia. Na vipo vya katikati ya karne ya 20, vya duara, visivyo na fremu, ukingo wake umechongwa mshazari ukatoa rangi za upinde wa mvua. Hivi vya mwisho bei yake huwa nafuu, na kwenye nyumba ya kisasa vinakaa vizuri sana.

Cha kale, au kimezeeshwa?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Fremu inaweza kupakwa chai na vumbi ikaonekana ya babu. Kwa hiyo angalia kioo chenyewe.

Simama pembeni, sogeza kichwa polepole huku ukiangalia taswira ya mlango au dirisha. Kioo cha zamani kina mawimbi madogo, mstari ulionyooka unacheza kidogo. Vioo bapa kabisa vilienea baada ya kampuni ya Pilkington ya Uingereza kutangaza mwaka 1959 mbinu ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati la moto. Mawimbi peke yake hayathibitishi umri, lakini ni dalili nzuri.

Pili, madoa. Tangu mwaka 1835, Mjerumani Justus von Liebig alipogundua namna ya kupaka fedha nyuma ya kioo, vioo vingi vimetengenezwa hivyo. Fedha ikipata unyevu inakuwa nyeusi, na unyevu huanzia pembeni na chini. Madoa yaliyotawanyika sawasawa kote, kama yamenyunyizwa, yatie shaka. Kabla ya fedha ilitumika bati na zebaki, nayo ni sumu. Ukikuta nyuma ya kioo cha zamani sana kuna vitone vinavyong'aa, usiguse wala usikwangue.

Tatu, geuza fremu. Mbao za nyuma za kale zimekauka na kubadilika rangi bila mpangilio. Ukiona plaiwudi mpya na skrubu zinazometameta, uliza maswali.

Kilitoka kwa nani?

Swali hili wanunuzi wengi hawaliulizi, na ndilo kubwa kuliko yote. Vitu hivi havikuota dukani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Kiarabu na Kihindi ziliondoka, na majumba yao yakabaki na vilivyomo. Vingine vinatoka kwenye mirathi: bibi anafariki, warithi ni kumi, kioo hakigawanyiki mafungu kumi, basi kinauzwa na pesa inagawanywa. Hakuna haramu hapo, lakini kuna historia.

Kuna pia kilichong'olewa. Baadhi ya fremu zinazouzwa zilikuwa madirisha au milango ya nyumba za mawe. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 tulishuhudia sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, ikiporomoka na kuua. Mji huu hauna cha kupoteza zaidi. Kwa hiyo nunua fenicha, usinunue nyumba ya mtu vipande vipande. Uliza kilitoka wapi, dai risiti, na muuzaji akianza kuzungukazunguka, aga kwa adabu.

Kikifika nyumbani

Kisafirishwe kimesimama wima, kisilazwe. Kioo kilicholala kinavunjika kirahisi kikitikiswa. Bandika mkanda wa karatasi alama ya X, kifunge kwa blanketi, na ukae nacho mwenyewe kwenye boti.

Usikitundike kwa msumari mmoja. Toboa ukuta, weka plagi na skrubu mbili zinazobeba uzito wake. Kiwekwe pembeni au mkabala wa dirisha, na kabla hujatoboa uliza: kitaonyesha nini? Kikitazamana na mti au kidaka cha vitabu, umepata picha ya bure. Kikitazamana na mlango wa choo, umepata vyoo viwili.

Usafi ni kitambaa laini kikavu. Ukinyunyizia dawa moja kwa moja, maji yanateremka kwenye ukingo na kuanza kuila fedha. Na tafadhali, usipeleke kikapakwe upya ili ling'ae. Ile sura ya ukungu ndiyo uliyoilipia.

Mwisho, elewaneni bajeti mkiwa bado hotelini, si mbele ya muuzaji. Mmoja aombe bei, mwingine anyamaze. Mkishindwa kukubaliana, kiacheni. Kioo mtakachokitazama kila asubuhi wote wawili lazima kiwe kimechaguliwa na wote wawili.